Risala ya Chama cha Historia kwa Mgeni Rasmi: Hotuba za Maadui katika Vitabu vya Warumi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakukaribisha kwa heshima kubwa. Kazi yetu mwaka huu ni kupima hotuba ambazo wanahistoria wa Roma waliwaandikia maadui wa dola yao.

Maarufu kuliko zote ni ya Calgacus, kiongozi wa Wakaledonia huko Uskoti. Tacitus, mwanahistoria na seneta wa Roma, aliiandika mnamo mwaka 98, yapata miaka 15 baada ya vita vya Mons Graupius kati ya Warumi na Wakaledonia. Calgacus anasema kwamba Warumi wanapora na kuua, kisha wanauita unyang'anyi huo dola. Wakishaifanya nchi jangwa, wanasema wameleta amani.

Tunaanza kwa kuuliza nani aliyasikia maneno hayo. Agricola, baba mkwe wa Tacitus, alikuwa jemadari wa upande wa pili, yaani wa Warumi. Halafu tunaangalia lugha: ni Kilatini kilichonolewa, cha shule za Roma ambako vijana walijizoeza kutunga hotuba za watu wengine. Mwisho tunamfuatilia msemaji. Hotuba ikiisha, Calgacus hatajwi tena, hata mapigano yanapoanza.

Boudica, malkia wa Uingereza aliyeongoza uasi dhidi ya Warumi mwaka 60 au 61, ana hotuba mbili zisizofanana. Kwa Tacitus anasema machache, akiwa kwenye gari la farasi na binti zake. Cassius Dio, aliyeandika kwa Kigiriki zaidi ya miaka 100 baadaye, anampa hotuba ndefu, sauti kali, na sungura anayemwachia kutoka vazini ili kutazamia bahati.

Wengi hukosea kwa kumnukuu Calgacus kana kwamba ni yeye anayesema. Tunajua ni kosa kwa kulinganisha: huko Lyon, Ufaransa, mwaka 1528, lilipatikana bamba la shaba lenye hotuba ya Kaisari Claudius ya mwaka 48. Tacitus naye anayo hotuba hiyo kitabuni: hoja kuu ameibakiza, ila maneno na mpangilio ni wake. Calgacus hana bamba la kulinganisha.

Hata hivyo, kuitupa hotuba yake ni hasara kubwa. Kodi, nafaka iliyotwaliwa, vijana waliopelekwa jeshini ugenini: seneta wa Roma aliyajua malalamiko hayo vizuri kiasi cha kuyaandika kwa nguvu namna ile. Huo ni ushahidi kuhusu Roma yenyewe.

Mgeni Rasmi, tunaomba maktaba yetu ipatiwe tafsiri za Tacitus na Dio, kwa kuwa kazi hii hufanyika vitabu vyote viwili vikiwa wazi mezani.

Tunaomba kuwasilisha.