Kupanda kwa Daladala, Kuteremka kwa Miguu: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Moshi

Wazee wetu mlioanzisha chama hiki cha matembezi, ndugu wanachama, nanyi mliojiunga mwaka huu,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti aeleze mbele ya mkutano mkuu mambo yaliyofanyika katika mwaka unaomalizika, pamoja na yale ambayo kamati inaomba yaamuliwe. Hesabu za fedha zitasomwa na mweka hazina, na orodha ya safari zote iko kwa katibu kwa yeyote anayetaka kuipitia, kwa hiyo sitazirudia. Nitazungumzia jambo moja ambalo naamini limetufundisha kuliko mengine yote, nalo ni kupanga matembezi yetu ya mlimani na mabondeni kwa kufuata magari ya abiria.

Mtakumbuka kwamba kwa miaka kadhaa tulizoea kukodi Coaster itupeleke, itusubiri na kuturudisha. Mkutano uliopita uliamua tujaribu mwaka mzima bila kukodi, kwa sababu wanafunzi na wastaafu wengi walikuwa wakibaki nyumbani kwa kukosa mchango wa gari. Uamuzi ule ulikuwa sahihi, na faida yake imekwenda mbali kuliko suala la nauli.

Mtu akisimama stendi ya Moshi asubuhi isiyo na mawingu na kuutazama mlima Kilimanjaro, anaweza kudhani kwamba mteremko wote ni mmoja. Sivyo ulivyo. Upande huu wa kusini umekatwa na mabonde marefu ya mito kama Weruweru, Karanga na Rau, na kati ya bonde na bonde kuna mgongo wa ardhi wenye barabara yake, kanisa lake, shule zake na soko lake. Ukianza magharibi kuelekea mashariki utapita Machame, Kibosho, Uru, Mbokomu, Old Moshi, Kirua, Kilema, Marangu, Mamba na Mwika, na karibu kila mahali barabara za magari hupanda na kushuka, ilhali zinazokatisha mabonde ni chache. Mwenye gari akiliacha Kilema, hana budi kurudi Kilema. Sisi tunaoshuka kwenye daladala hatukuacha kitu nyuma, kwa hiyo tunaweza kupanda na gari la Kilema, kuvuka mabonde kwa miguu siku nzima, na kurudi mjini na gari la Marangu. Njia bora tulizotembea mwaka huu zote zilikuwa za namna hiyo, na hakuna hata moja ambayo tungeiweza na gari la kukodi linalotusubiri mahali pamoja.

Safari hiyo ya Kilema hadi Marangu naomba niieleze kidogo, maana wengi mmeniuliza. Tulianzia kwenye misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, ambayo historia ya kahawa ya mlima huu haiwezi kusimuliwa bila kuitaja. Kutoka hapo njia inaingia moja kwa moja ndani ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, migomba ikiwa juu ya kahawa, magimbi yakiwa kandokando ya maji, na mringaringa ukiwa umeachwa hapa na pale utoe kivuli na mbao. Kisha ardhi inakatika ghafla, unateremka kwa kushika mizizi hadi mtoni, unavuka, na kupanda upande wa pili huku ukisikia kengele na jogoo za watu usiowaona. Tulimalizia kwenye maporomoko ya Kinukamori, na kutoka hapo hadi Marangu Mtoni, kwenye magari ya kurudi, ni mwendo mfupi.

Sasa niseme kosa letu, kwa sababu taarifa isiyosema makosa haiwasaidii wanachama. Katika safari ya upande wa Uru tulipita juu ya ukingo wa mfongo. Kwa wanachama wasio wenyeji wa mlima huu, mfongo ni mfereji uliochimbwa na wazee wa zamani, unaochukua maji juu kabisa bondeni na kuyaongoza taratibu ubavuni mwa mlima hadi kwenye vihamba, na maji yake hugawanywa kwa zamu kati ya familia na familia. Ukingo wake ni njia nzuri ya kutembea kwa sababu hauna mpando mkali. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha usiku, na akina mama waliokuwa wamejitwika majani ya ng'ombe walikuja mbele yetu. Tukawapisha kwa kusogea pembeni watu wengi kwa pamoja, udongo ukamomonyoka chini ya miguu yetu, na maji yote yakamwagikia bondeni.

Haikupita nusu saa, mzee mmoja akaja akipanda kufuata mfereji uliokauka, jembe begani. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia. Hakufoka. Aliinama, akachukua tope na vipande vya shina la mgomba, akaanza kuziba, na alichotuuliza ni kama tunajua leo ilikuwa zamu ya nani. Hatukujua. Tulifanya kazi naye hadi mchana, wengine wakibeba mawe, wengine wakishindilia udongo, na maji yalipoanza kupita tena tulikuwa tumeshachelewa kuendelea na safari. Wiki iliyofuata kamati ilirudi na jani la isale, ambalo kwa Wachaga ndilo linalobeba ombi la msamaha, na kwa heshima yake aombwaye hulipokea. Mzee alilipokea. Kisha akatuonyesha njia nyingine inayopita chini ya mfongo, yenye mpando zaidi lakini isiyomharibia mtu maji yake. Hiyo ndiyo njia ya chama tangu siku ile, na naomba asiwepo mwanachama atakayewapitisha wageni wake juu ya ukingo kwa sababu tu ni rahisi. Vilevile, mnapoona mimea hiyo, masale, imepandwa kwa mstari, jueni huo ni mpaka wa kihamba cha mtu, na hatuvuki kabla ya kupiga hodi.

Jambo la pili lililotusumbua ni gari la mwisho. Mwezi wa Aprili, katikati ya masika, tulikwenda Kirua tukiwa tumepanga vizuri saa ya kuondoka mjini na kusahau kupanga saa ya kurudi. Mvua ikashika mchana, barabara ikawa utelezi, na gari tulilolitegemea halikupanda tena siku ile. Tulisubiri chini ya baraza la duka hadi saa kumi na moja jioni, kisha tukateremka kwa miguu hadi barabara kuu ya Himo, giza likitukuta njiani na tochi zikiwa tatu kwa kundi zima. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini mwongozaji wa siku ile nilikuwa mimi, na lawama ni yangu. Tangu hapo tunapanga safari kwa kuanzia mwisho: tunauliza kwanza stendi gari la mwisho hushuka saa ngapi, tunachukua namba ya simu ya kondakta, tunatoa saa mbili za tahadhari, na saa inayobaki ndiyo saa ya kugeuza hata kama kilele kinaonekana. Kuhusu dereva mmoja aliyetaka tulipie mabegi kama abiria, suala lilimalizwa kwa mazungumzo, nasi tumekubaliana kubeba mabegi madogo yanayopakatika.

Wanachama wapya huuliza kwa nini hatupandi juu zaidi. Tangu mwaka 2005 mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro imejumuisha na msitu uliokuwa hifadhi ya misitu, kwa hiyo anayevuka vihamba na kuingia msituni anaingia hifadhini, na anapaswa kupita getini na kulipa kiingilio. Ni utaratibu wa haki, nasi tunauheshimu. Lakini pia niseme ninavyoamini: ukanda wa vihamba, ulio kati ya takribani mita 1,000 na 1,800, unatutosha kwa miaka mingi ijayo. Wageni hupita humo ndani ya magari yenye vioo vilivyofungwa wakiwahi kufika getini, na hawajui walichokipita.

Mfano ni Kidia, Old Moshi, ambako daladala hufika. Huko tuliwapeleka vijana wetu waone mahali ambapo Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, na viongozi wenzake walinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Kijana mmoja aliyezaliwa Moshi mjini na kusoma hapa hapa alisema hakuwahi kufika, ingawa ni nauli ndogo tu kutoka nyumbani kwao. Tulikaa pale muda mrefu kuliko tulivyopanga, na sikuona sababu ya kumharakisha mtu.

Safari nyingine nitazigusa tu. Msitu wa Rau umebaki kuwa matembezi ya wazee wetu, kwa kuwa ni tambarare, uko karibu na mji, na mbega huonekana. Ziwa Chala, mpakani na Kenya, lilitushinda kwa jua, na kamati inashauri liendewe Julai au Agosti. Usangi, katika Upare wa Kaskazini, ndiko tulikolala usiku mmoja ili tupande Kindoroko, mlima wa mita 2,113, kwa kibali cha msitu. Tulilala kwa sababu magari ya huko hushuka alfajiri na kurudi mchana, yaani ratiba yake ni ya mwenyeji anayekwenda mjini. Ukiifuata hivyo ilivyo inakuhudumia vizuri sana, na chakula cha jioni tulichopikiwa na wenyeji wetu hakuna aliyekisahau.

Kamati inaomba mkutano uamue mambo matatu. Kwanza, utaratibu wa kutokukodi gari uwe wa kudumu. Pili, safari za kuvuka mabonde zisifanyike Aprili na Mei, na katika miezi hiyo tutembee Rau na maeneo ya tambarare. Tatu, kila mwaka chama kitoe siku moja ya kazi katika kusafisha mfongo ule wa Uru, kwa tarehe ambayo wenye maji watatupangia, wala si sisi.

Mkutano ukiridhia, safari ya kwanza itakuwa ya kutoka Mwika hadi Marangu kupitia Mamba, Jumamosi ya pili baada ya leo. Tukutane stendi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kila mtu na tochi yake.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti