Dimbwi la mnana lisilimwe

Mhariri,

Kiangazi kikikolea huku kwenye misitu ya Dakatcha, Kilifi, ukimpeleka mgeni penye dimbwi atakuuliza maji yako wapi. Ataona udongo uliopasuka na nyasi zilizolala. Kwa mwenye trekta hicho ni kiwanja kitupu kinachomngoja, na ndicho kinachoninyima usingizi.

Kuna ndege wetu mmoja, mnana mwenye tumbo la njano, dume lake kichwa cheusi, ambaye Mungu hakumweka popote duniani ila kaunti hii ya Kilifi. Wanasayansi walimwandika mwaka 1913, lakini ikapita miaka 100 bila hata mmoja wao kukiona kiota chake. Walimtafuta juu ya miti ya mirihi, maana huko ndiko anakoshinda akiokota wadudu, Dakatcha na katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Mwaka 2013 wenyeji wa kikundi cha uhifadhi cha Dakatcha pamoja na watafiti wakamkuta kwenye dimbwi la mvua, kundi zima, viota vimesukwa kwenye nyasi zilizosimama majini. Nikikumbuka habari hiyo mwili bado hunisisimka.

Basi ndege huyu ana nyumba mbili: mirihi ya kumlisha na dimbwi la kulelea makinda. Arabuko-Sokoke ina askari wa misitu na mipaka inayojulikana. Dimbwi halina hata kigingi. Mirihi ya Dakatcha nayo inaishia kwenye matanuri ya makaa na mashamba ya mananasi.

Sisemi watu wasilime. Mahindi yakikauka Magarini tunalala njaa, na gunia la makaa ndilo linalolipa karo. Lakini madimbwi ni machache, na hayo hayo ndiyo yanayonywesha mifugo yetu. Ukilima mpaka katikati, mnana amekosa nyasi za kusukia na ng'ombe wako amekosa maji. Hapo aliyeshiba ni nani?

Tumewahi kusimama pamoja. Ulipokuja mpango wa kufyeka makumi ya maelfu ya hekta ili ipandwe mibono ya mafuta, wenyeji na wahifadhi waliupinga mpaka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikaukataa. Siku hizi hakuna mwekezaji mmoja wa kumnyooshea kidole. Ni ekari mbili huku, tatu kule, na mara nyingi ni za jirani yangu.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inairuhusu jamii kutenga sehemu ya ardhi yake kwa uhifadhi. Naiomba serikali ya kaunti iwatume wapima ardhi wakati wa masika, maji yakiwa yamejaa, wafuatane na wazee wanaoyajua madimbwi kwa majina. Kila dimbwi liwekewe vigingi pamoja na ukingo wake wa nyasi, na liandikwe kuwa mali ya jamii kabla vipande vya ardhi havijagawanywa. Wakija kiangazi hawataliona.

Msomaji wako,
Magarini, Kilifi