Dami za mafunzo zitolewe stoo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu hizi dami, yaani sanamu za mtu za kufundishia wahudumu wa afya kumsaidia mgonjwa apumue, maana watu wakiona picha wanacheka eti madaktari wazima wanachezea midoli. Wacheke tu, lakini mtu akikosa oksijeni dakika nne tano hivi ubongo unaanza kuharibika, sasa huo ndo muda wa mwanafunzi kujaribu kwa mara ya kwanza?

Kinachoniudhi ni kwamba mafunzoni kila mtu anakimbilia kupitisha mpira wa kupumulia kooni, akifanikiwa anajiona bingwa, wakati mara nyingi kinachomvusha mgonjwa ni maski na ambubagi, ule mfuko wa kubinya kusukuma hewa. Na wala si rahisi kama inavyoonekana, ukiikandamiza tu maski usoni hewa inavujia pembeni na kifua cha dami hakinyanyuki hata kidogo, inabidi uvute taya lije juu likutane na maski, vidole vishike mfupa visizame kwenye nyama ya chini ya kidevu, ikishindikana mmoja ashike kwa mikono miwili mwenzie abinye. Tena abinye taratibu, akikamua kwa fujo hewa inaenda tumboni mgonjwa anatapika. Haya hayaingii kwa slaidi.

Ila tusidanganyane, dami ni plastiki, shingo ngumu, haina damu wala matapishi, kwa hiyo aliyefaulu hapo bado asimamiwe akienda kwa mtu.

Na wafanye mazoezi kama timu. Uingereza mwaka 2005 mama mmoja, Elaine Bromiley, aliingia kwa operesheni ya kawaida ya sinasi, yale matundu ya hewa kuzunguka pua, njia ya hewa ikagoma, madaktari wazoefu wakang'ang'ana na mpira huku oksijeni iko chini zaidi ya dakika 20, nesi akaleta vifaa vya kutoboa koo ili hewa ipite wala havikutumika, siku 13 baadaye akafariki. Mikono walikuwa nayo jamani! Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwa sauti "tumeshindwa, tutoboe" na akasikilizwa, na hilo nesi na daktari wanaweza kulizoea pamoja mbele ya dami.

Sasa nyie wakubwa wa hospitali mnaozifungia stoo mpaka waje wageni, zitoeni ziwekwe wodini hata watu wa zamu ya usiku wajinoe dakika kumi, na ile sprei ya kulainishia iwe hapo hapo, maana mpira ukipita mkavu unakwaruza koo la dami mpaka linachanika.

Msomaji wenu