Jim Reeves sawa, lakini chezeni pia nyimbo za huyu binti wa Kapchorwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lenu, hili jambo linaniuma sana. Huku Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, kuna binti anaimba country, ule muziki wa mashambani wa Marekani, anatunga mwenyewe, gita anapiga mwenyewe, hana lebo (kampuni ya muziki) hana meneja, na nawaambia ukweli anajua. Jina lake sitaji kwa sababu sijamuomba ruhusa, ila watu wa huku wanamjua.

Wimbo wake mmoja ni wa kahawa. Bibi ameanika kahawa kwa turubai, mvua ya Mlima Elgon inashuka, nyumba nzima inakimbia kuiokoa, halafu jioni mlanguzi anafika anasema hii imelowa, nachukua nusu bei. Hadithi ni hiyo tu, lakini akifika pale bibi anahesabu zile noti mara ya pili akidhani amekosea, hapo watu wananyamaza. Nimeona vijana wa boda wamezima pikipiki kabisa ili wasikie. Hiyo ndiyo country jamani, maisha ya mtu wa shamba yakiimbwa bila kupambwa.

Sasa wapo wanaosema eti anaiga wazungu. Mbona banjo yenyewe imetokana na ala za Waafrika waliopelekwa Marekani utumwani, na mmoja wa nyota wa mwanzo wa Grand Ole Opry, kile kipindi kikubwa cha redio cha country kule Nashville, Marekani, alikuwa mtu mweusi, DeFord Bailey, alikuwa anapuliza harmonika. Na hapa karibu, Wakipsigis wa Kenya ambao ni ndugu zetu sisi Wasabiny wa huku Kapchorwa, walisikia santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa country wa Marekani, enzi za gramafoni wakamtungia wimbo wao, wakimwona kama kiumbe nusu mtu nusu swala, Hugh Tracey, yule aliyezunguka akirekodi muziki wa Afrika, akaurekodi 1950. Yaani hii kitu imekaa kwa ukoo wetu miaka mingi! Na Buganda kuna kadongo kamu, mtu na gita lake anakusimulia maisha mpaka machozi, kina Paulo Kafeero walifanya hivyo na watu waliwapenda sana.

Kinachoniuma zaidi ni redio. Jumapili kwenye kipindi cha country wanacheza waimbaji wa Marekani tu, Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers, Dolly Parton, nami nawapenda wote, lakini Jim Reeves alikufa kwa ajali ya ndege 1964 na bado ana nafasi yake kila wiki, wakati huyu aliye hai alipeleka wimbo kwa redio moja akaambiwa alete kwanza pesa ya kuuchezesha. Atatoa wapi, kwao wanauza viazi.

Wengine wanamwambia weka mtandaoni. Ameweka. Lakini Spotify, ule mtandao wa kusikilizia muziki, tangu 2024 wimbo usipochezwa mara 1,000 kwa mwaka haulipwi chochote, YouTube nayo inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka ndipo uanze kugawiwa pesa ya matangazo, na bando yetu ina kodi ya asilimia 12 tangu 2021, sasa mama wa kijijini atamtazama saa ngapi? Najua mtanitajia Oliver Anthony wa Virginia aliyeingia moja kwa moja namba moja kwenye Billboard, chati ya nyimbo ya Marekani, Agosti 2023, bila lebo na bila kuwahi kuwa kwenye chati hata siku moja. Nilifurahi mno siku ile. Ila kule watu wengi wana intaneti ndani ya nyumba, huku kwetu wimbo mpya mtu anausikia kwa redio akiwa analima.

Kwa hiyo nyie gazeti tumeni mwandishi aje amsikilize, aandike kuhusu nyimbo zenyewe, siyo nywele zake wala mchumba wake. Na wenye redio, kile kipindi cha country cha Jumapili toeni hata nyimbo tatu kwa wanaotunga hapa Uganda, bila kuwadai kitu, halafu UPRS, chama kinachokusanya mrabaha wa wanamuziki, wapelekeeni orodha ya mlichocheza ili apate mrabaha wake, sheria ya hakimiliki ya 2006 inampa haki hiyo. Yeye nimeshamwambia ajiunge UPRS na nyimbo aziandikishe URSB, ofisi ya serikali ya usajili, mapema kabla mtu hajaziiba.

Saa hii anakusanya pesa ya studio huko Mbale. Wimbo wa kahawa ukiwa tayari nitauleta mwenyewe ofisini kwenu kwa flashi.

Msomaji wenu,
Kapchorwa