Salamu za Krismasi, na Mama wa Kwenye Stempu

Ndugu, jamaa na marafiki popote mlipo, heri ya Krismasi!

Mwaka huu salamu zangu zinakuja na stempu. Posta ya Austria iliitoa mwaka 1965 ikiwa na sura ya Bertha von Suttner, miaka 60 tangu apewe Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza kuipata. Ujerumani nayo ikamtolea ya kwake mwaka 2005, karne ilipotimia. Naipenda heshima hii iliyowekwa kwenye kona ya bahasha, ikagongwa muhuri, ikasafiri mpaka kwa mtu anayengoja habari njema. Huko huko Austria kuna kijiji cha Christkindl, karibu na mji wa Steyr, ambako tangu mwaka 1950 hufunguliwa posta maalumu ya Krismasi. Watu hupitishia barua zao pale ili zigongwe muhuri wake tu.

Bertha alizaliwa Prague mwaka 1843, binti wa jenerali. Mwaka 1889 alichapisha riwaya ya mwanamke aliyefiwa na mume vitani, akaiita *Die Waffen nieder!*, yaani "Wekeni silaha chini!" Akazunguka nchi kwa nchi akihutubia, akaandikiana kwa miaka na rafiki yake Alfred Nobel, yule tajiri wa baruti. Wapo waliomcheka waziwazi. Hakunyamaza.

Alifariki Vienna tarehe 21 Juni 1914. Wiki moja baadaye risasi zikalia Sarajevo, akauawa mrithi wa kiti cha enzi cha Austria, na Vita vya Kwanza vya Dunia vikafuata. Na linaloniuma zaidi ni kwamba vita alivyovihofia havikuishia Ulaya. Novemba mwaka uleule vilishafika Tanga, na hadi vinakwisha, wapagazi wa Afrika Mashariki walikuwa wamekufa kwa makumi ya maelfu, kwa maradhi, njaa na uchovu wa mizigo. Wengi hawana hata kaburi linalojulikana.

Krismasi ya 1914, baadhi ya askari wa Uingereza na Ujerumani walitoka mahandakini, wakaimba, wakapeana mikono, wakazika maiti zao. Kisha wakaamriwa kuendelea kupigana. Mimi naamini siku ile walimpa Bertha haki yake.

Ndiyo maana tukiimba "amani duniani" mwaka huu, nawakumbuka waliohangaikia amani kungali kimya, kabla bunduki ya kwanza haijalia. Kama kuna ndugu mmegombana naye kwa sababu ya shamba au urithi, mpigie simu kabla ya mkesha. Tukisikia mtu anatukana kabila la jirani au dini yake, tumkataze hapohapo, hata akiwa mjomba, hata mezani.

Ndugu zetu wa Goma na Bukavu, nanyi mnaosherehekea kambini mbali na kwenu, mko kwenye sala zetu kwa majina. Mungu awarudishe nyumbani salama.

Krismasi njema na Mwaka Mpya wenye heri, ninyi, watoto na wazee wetu wote.