Harambee ya Kuokoa Miti ya Shule Yetu

Bwana asifiwe, wazazi, waumini na nyote mliosoma hapa.

Tunaona haya kurudi kwenu. Hatujasahau tangi la maji la mwaka juzi, mlivyochanga alasiri moja hata mweka hazina akaishiwa na risiti. Lakini lililotupata haliwezi kungoja muhula ujao.

Wiki tatu zilizopita tawi kavu la msaiprasi liliangukia darasa la Gredi ya Nne. Bati likapasuka, mvua ikaingia mpaka kwenye kabati la vitabu. Tunamshukuru Mungu ilikuwa usiku. Tangu hapo watoto 46 wanasomea ukumbi wa kanisa, na kukiwa na mazishi wanatolewa nje na madaftari yao.

Wengi walidhani miti imezeeka. Si uzee. Inua tawi utazame gome lake: vidukari wa kahawia wamejipanga, wanafyonza utomvu. Mdudu huyu si wa kwetu. Alionekana Kenya mwaka 1990, akakausha ua na mashamba ya misaiprasi. Mate yake ni sumu kwa mti, ndiyo maana matawi hukauka kuanzia ndani, na mtu hushtuka yakishageuka rangi ya kutu. Maji matamu anayodondosha huleta sisimizi na ukungu mweusi. Mliokula githeri chini ya miti ile mnajua mashati yalivyonata. Wataalamu walileta nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya vidukari hao, nao wamesaidia, ila kiangazi kikikaza mti wenye kiu hulemewa.

Kila Jumamosi wazee, akina mama na vijana 19 hukagua mti mmoja mmoja, hunyunyizia maji ya sabuni, humwagilia mashina, na kuchoma papo hapo matawi yaliyokatwa yasije yakabebwa hadi kwenye ua wa jirani. Mikono wanayo. Ngazi yao inaishia nusu ya mti.

Tunahitaji shilingi 168,000: mafundi wa msumeno wa kushusha matawi makavu na miti miwili iliyokwisha kufa (kibali cha kaunti tumeshaomba), bomba lenye mpira mrefu, mabati, na miche ya kienyeji. Tunazo 37,400. Mama anayeuza mboga langoni ametoa 500, naye hana mtoto hapa. Wapo tuliowapigia simu mara tatu, hatuwataji, wanajijua. Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alijeruhiwa kichwa katika Msitu wa Karura, Nairobi, mwaka 1999 akienda kupanda mti. Sisi hatuombwi damu.

Changa kwa paybill ya kanisa, kwenye akaunti andika MITI na jina lako. Kila shilingi itakatiwa risiti, na hesabu itasomwa kanisani na kubandikwa kwenye ubao wa shule.

Harambee ni Jumapili ya mwisho ya mwezi, baada ya ibada ya pili, chini ya ule msaiprasi mkubwa wa langoni, ambao bado ni kijani.