Furu nao wahesabiwe

Ndugu Mhariri,

Kila zinapotajwa habari za Ziwa Victoria tunaletewa tani za sangara na bei ya dagaa. Naomba nafasi nimsemee furu.

Kwa jina hilo moja tunaita samaki wa spishi zipatazo 500, karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Ziwa hili lilikauka, likajaa tena miaka 15,000 hivi iliyopita. Kwa mageuko ya viumbe huo ni muda mfupi mno. Humo wako waliopata meno ya kuponda konokono, wa kukwangua mwani maweni, hata wezi wanaokula vitoto vilivyomo kinywani mwa mama (jike la furu hulea mdomoni).

Kwenye miamba ya Ghuba ya Mwanza wapo ndugu wawili. Dume wa mmoja ana rangi ya bluu na hukaa maji ya juu. Wa pili ni mwekundu, hukaa chini kidogo, na jina lake la kisayansi limetokana na la Mwalimu Nyerere. Jike humjua dume wa kwao kwa rangi. Penye maji maangavu, kama kisiwani Makobe, hawachanganyiki. Maji yakichafuka rangi hazionekani, majike huchagua ovyo, na vizazi vikipita spishi mbili huwa moja. Hapo hakuna kokoro (wavu wa kukokota) lililopita wala mvuvi wa kukamatwa. Ni udongo wa milimani na maji machafu ya mjini, yakiwemo yanayoshuka na Mto Mirongo tukiyatazama.

Sangara aliletwa miaka ya 1950 na 1960. Alipofurika miaka ya 1980, furu wa spishi zinazokadiriwa kufikia 200 walitoweka. Sisemi sangara afukuzwe, amesomesha watoto wengi hapa. Ila nasikia hoja kwamba viumbe hujibadilisha wenyewe, basi tuache. Ni kweli, kuna furu mmoja aliyerudi baada ya sangara kupungua akiwa na matamvua makubwa zaidi, yanayomfaa kwenye maji yenye oksijeni haba. Lakini alibadilika kwa sababu walibaki wachache wa kuzaliana, wenye tofauti kati yao. Spishi iliyokwisha yote haina cha kubadilisha.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa; halmashauri zetu ziisimamie, hasa kwenye fukwe za mawe. Na walimu wenzangu, mnaofundisha mageuko kwa ndege wa visiwa vya mbali vya Galápagos: wapelekeni wanafunzi mwaloni (wanakoshushia samaki) asubuhi, wanunue furu wa fungu moja, wawafunue midomo na kulinganisha meno.

Mwalimu wa baiolojia,
Nyakato, Mwanza